Saa ya Studio Imekuwa Yai: Barua ya Wazi kwa Wenye Televisheni za Mikoani

Kwa wakurugenzi wa vituo vya televisheni vya mikoani, kwa kampuni zenye minara ya kurushia matangazo, na kwa wote wanaosimamia utangazaji Tanzania.

Wakubwa zangu, shikamoni.

Mimi ni fundi wa antena na ving'amuzi. Naishi Ngamiani, Tanga, ila kazi imenipandisha kwenye mapaa ya mikoa minne, na popote nilipopanda nimeyakuta haya ninayotaka kuyasema. Nawaandikia kwa sababu karibu kila wiki nalipwa kwenda kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika, na hela ile siku hizi naipokea kwa aibu.

Huwa hivi. Mtu amedunduliza, ameuza chogo lake la zamani, amenunua TV bapa ya inchi 43. Boksi limeandikwa HD, yaani picha kali, kila upande. Wiki haijaisha ananipigia simu: fundi, njoo, wameniuzia mbovu. Nakwenda, napanda, napima mawimbi, nakuta nguvu ipo na ubora uko juu ya asilimia 90. Nashuka, nakaa kwenye kochi na mwenye nyumba tunatazama wote. Ni taarifa ya habari ya kituo cha mkoa. Msomaji uso umetanuka kama umepigwa pasi. Maandishi ya chini yana ukungu. Mgeni rasmi aliyekwenda kuzindua kisima, ukimtazama kwenye umati, humtofautishi na diwani.

Halafu linaingia tangazo la mabati. Hapo picha inafunguka kama mtu amefuta kioo. Rangi imetulia, mistari imenyooka, watu wana sura zao walizozaliwa nazo. Bibi mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijampa jibu: "Mwanangu, mbona bati naliona mpaka misumari, na mkuu wa mkoa simtambui?"

Naomba swali la bibi huyu lifike mezani kwenu kama lilivyo, kwa sababu linamaliza ubishi wote. Antena ni ileile. King'amuzi ni kilekile. Mnara, masafa na TV havikubadilika kati ya habari na tangazo. Kama tangazo limefika sebuleni likiwa safi, basi njia ni nzima, na uchafu umeingia kabla ya njia, huko huko kwenu. Tangazo lenyewe ndilo shahidi.

Msinielewe vibaya, sikuja kudai HD. Nitashangaza wengi kwa kusema hivyo, maana kila anayelalamikia picha siku hizi hudai HD kama mgonjwa anayedai sindano kabla hajapimwa. Picha ya kawaida, ile SD tuliyoizoea, ina nukta 720 kwa 576. Picha kamili ya HD ina nukta 1920 kwa 1080. Zidisha mwenyewe: ni 414,720 kwa 2,073,600, yaani mara tano kamili. Na picha hizo zote zinasafiri kwenye chombo kilekile. Kwa DVB-T2, mfumo wa kidijitali wa kurusha TV kwa minara unaotumika kwetu, chaneli moja ya masafa yenye upana wa megahezi 8 hubeba kama megabiti 30 hadi 40 za data kwa sekunde, kutegemea mtambo umepangwaje. SD iliyofungwa vizuri hutosheka na megabiti kama 2. HD inataka kama 6 mpaka 8.

Ni mambo ya daladala tu. HD ni abiria mwenye mwili anayechukua siti tatu au nne, na mwenye gari atamtoza nauli ya siti zote. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya duka la mabati, shule binafsi na salamu za harusi hakina nauli hiyo, na mimi silaumu asiye na nauli. Ninachosema ni kwamba hata siti moja mtu hukaa akiwa amenyooka. SD iliyopigwa kwa kamera nzuri, ikapunguzwa kwa utaratibu na kurushwa katika umbo lake, kwenye TV ya inchi 43 inapendeza. Ushahidi ni hilo tangazo la mabati. Nalo ni SD! Limerekodiwa Dar es Salaam kwa kamera za HD, likaletwa kwenu kwenye flashi, likashushwa mpaka SD kama vipindi vyenu vyote, na bado misumari inaonekana.

Sasa nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka mmoja niliitwa kwenye kituo kimoja, mkoa siutaji, nikafunge dishi lao la kupokelea. Nilipomaliza nikakaribishwa chai ndani ya chumba cha kurushia matangazo. Kijana wa zamu alikuwa mchangamfu, akanionesha mitambo. Kompyuta ya matangazo ya biashara ilikuwa mpya, bado ina nailoni kwenye kioo, na waya wake ulikwenda kwenye mtambo wa kurushia moja kwa moja, wa kidijitali. Kamera za studio nazo zilikuwa nzuri tu, za HD. Ila kamera hizo zilipita kwanza kwenye mikisa, mashine ya kuchagua na kuchanganya picha za kamera, ya zamani, ya enzi za kanda, na kutoka kwenye mikisa ile ulichomoza waya ninaoujua tangu utotoni: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Waya uleule tuliokuwa tunachomeka deki ya mikanda kutazama filamu za Kihindi.

Nikamuuliza, kaka, HD yote hii inapita hapo kwenye njano? Akacheka. Akasema mikisa ya kidijitali imeombwa kwenye bajeti mara mbili, ikarudi. Kompyuta ya matangazo iliombwa mara moja tu, ikanunuliwa wiki ileile.

Nilitoka pale nimeelewa kazi yangu kuliko nilivyoielewa kwa miaka yote ya kupanda mapaa. Na wakati natoka niliona kwenye kona ya skrini yao nembo ya kituo, na pembeni yake herufi mbili zinang'aa: HD.

Herufi hizo zitoeni, wakubwa. Ni afadhali mtazamaji ajue anatazama SD kuliko adhani TV yake ni mbovu. Nina wateja waliorudisha TV nzima dukani kwa sababu ya herufi mbili. Mwingine alinunua antena tatu, moja baada ya nyingine, na ya tatu nilimuuzia mimi kabla sijawa na akili hii. Nimemrudishia hela yake.

Wenzetu wenye uwezo mkubwa walifikwa na jambo hilihili. BBC ya Uingereza ilipoanzisha chaneli ya BBC One HD Novemba 2010, habari za mikoa ya England hazikuwa na nafasi humo. Kuingiza HD kwenye studio za mikoa na kukodi nafasi ya satelaiti kwa kila mkoa ni gharama, hata kwao. Basi ilipofika saa kumi na mbili na nusu jioni, mtu aliyekuwa anatazama HD alikuta ubao wa maandishi unaomwambia kwamba habari za mkoa wake hazipo hapo, ahamie BBC One ya kawaida. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini walipata HD zao mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, lakini mikoa ya England ilisubiri zaidi ya miaka kumi tangu chaneli ianze. Watu walinung'unika sana, na walikuwa na haki. Lakini hakuna aliyepandisha fundi juu ya paa bure, maana waliambiwa ukweli kwenye skrini yenyewe.

Kuhusu nyuso kutanuka, hilo ni dogo na halihitaji hela, ndiyo maana linaniudhi zaidi. Mikisa ya zamani inatoa picha ya umbo la 4 kwa 3. TV za leo ni 16 kwa 9. Mtu wa zamu akiona weusi pembeni anaona kama dosari, anavuta picha ijae. Akishavuta, kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Mtu wa kilo 60 anakuwa wa 80 bila kula chochote. Vipindi vya harusi ndivyo vinavyoumia: bibi harusi kajinyima miezi mitatu, kituo kinamrudishia unene wote kwa kitufe kimoja. Mkitaka kujua kama nasema kweli, tazameni saa ya ukutani nyuma ya msomaji wenu wa habari. Ikiwa duara, samahani, barua hii haiwahusu. Ikiwa yai, acheni weusi ukae pembeni. Hauumi mtu.

Naja kwenye sauti.

Kila nyumba ninayoingia rimoti iko mkononi mwa mtu wakati wa habari. Habari inasomwa kwa sauti ya mtu anayekohoa kisimani, mnapandisha mpaka 40. Tangazo linaingia, mtoto analia, mnashusha mpaka 15. Habari inarudi, hamsikii. Wazee wenye shinikizo la damu nao wamo humo humo. Watu hudhani kituo kinapandisha sauti kwa makusudi. Mara nyingi sivyo. Tangazo limekandamizwa studio: minong'ono yake imepandishwa mpaka ikalingana na kelele zake, hivyo sindano ya kipimo cha sauti mtamboni inasoma kimo kilekile cha habari, lakini sikio linapigwa mfululizo bila kupumua. Sindano imedanganyika. Sikio halidanganyiki.

Dawa yake ipo, na ina umri wa mtoto wa sekondari aliyekwishamaliza. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lilitoa kanuni ya kupima sauti kama sikio linavyoisikia mwaka 2006, ile inayoitwa BS.1770. Vituo vya Ulaya vikaijengea mwongozo wao wa R 128 mwaka 2010, vikakubaliana kimo kimoja kwa habari, tamthilia na tangazo. Marekani walitunga sheria kabisa: mbunge Anna Eshoo wa California aliipigania, ikatiwa saini Desemba 2010, na kuanzia Desemba 2012 tangazo haliruhusiwi kuwa na kelele kuliko kipindi kinacholibeba. Kupima faili la tangazo kwa kanuni hii hakuhitaji mtambo. Programu za bure zipo, kompyuta ya kawaida inafanya kazi hiyo kwa sekunde chache kabla faili halijawekwa kwenye foleni. Ninyi mnaosimamia, hapa ndipo kanuni ya mstari mmoja ingeleta ahueni kwa mamilioni ya masikio, na gharama yake kwa kituo ni kijana mmoja kufundishwa asubuhi moja.

Kiswahili chetu kina kitu cha kuchekesha. Kituo "kinarusha matangazo", na duka nalo "linatoa matangazo", neno ni moja. Nadhani wengine mmelichukua neno hilo kwa maana ya pili tu mkaiacha ya kwanza.

Maana ukiangalia namna mapumziko ya matangazo yanavyoingizwa, ni kama kipindi ndicho kinachokatiza matangazo. Mechi ya ndondo mtaani, kona inapigwa, mnakwenda kwenye sabuni. Mkirudi, watu wameshakumbatiana, na hakuna marudio kwa sababu kamera ni moja. Au mmejiunga na kituo kikubwa cha Dar es Salaam kwa taarifa ya saa mbili usiku, na mna haki ya kuingiza matangazo ya mkoa kwenye nafasi zenu. Mtu wa zamu anasubiri kwa macho na kidole. Akisinzia, sentensi ya mwisho ya habari inakatwa katikati. Nimeshasikia "na waliofariki katika ajali hiyo ni" ikifuatwa na wimbo wa soda. Nina ndugu waliokuwa safarini usiku ule. Nilizunguka na simu nje kwa robo saa mpaka nikawapata.

Mitandao mikubwa haitegemei kidole. Ndani ya mawimbi yenyewe hupachikwa alama isiyoonekana inayoiambia mashine ya mkoani: nafasi inaanza sasa, ina sekunde 90, rudi. Kwa Marekani alama hizo zina kiwango chake, SCTE 35, na mashine husoma bila kusinzia. Najua si kila anayewapa mawimbi anapachika alama. Lakini mmeshawahi kumwomba? Mkataba wa kujiunga mliusaini kwa ajili ya hela za matangazo. Ongezeni kifungu cha alama. Na mkikosa kabisa, basi ratiba iliyoandikwa dakika kwa dakika, na simu moja kati ya vyumba viwili vya zamu, ingewaokoa.

La mwisho kwenye matangazo nalisema kwa uchungu kidogo. Ilikuwa Ramadhani, mji wa pwani. Kwa aliyefunga saumu, kituo cha mkoa kina faida ambayo kituo cha taifa hakiwezi kuwa nayo hata kikiwa na HD ya dhahabu: jua halizami nchi nzima kwa wakati mmoja. Kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne. Kati ya Tanga na Mwanza ni kama digrii sita, maana yake wa Tanga amekwishafuturu, ameswali, na wa Mwanza bado anatazama saa. Adhana ya magharibi ya Tanga ni ya Tanga. Kituo kinachorusha adhana kwa saa za mkoa wake kimefanya kazi ya heshima, na watu hukikumbuka mwaka mzima.

Jioni ile nilikuwa kwa mteja, nimechelewa kumaliza, wakanishika nifuturu nao. Tumekaa kwenye jamvi, tende ziko mkononi, TV iko wazi kwa sababu watoto wanapenda kuiona picha ya msikiti inapotokea. Haikutokea. Lilikuwa tangazo la kubashiri mechi, kijana anarusha noti hewani. Kupitia dirishani tukaisikia adhana ya msikiti wa mtaa, kwa mbali, na kijana wa noti anaizidi sauti. Baba mwenye nyumba hakusema kitu. Alichukua rimoti, akazima, akasema bismillahi. Kituo kile hakijawashwa tena pale nyumbani, nimeuliza. Wenye tangazo walilipia sekunde 30 na wakapata zaidi. Kituo kimepoteza familia ya watu tisa.

Sisemi matangazo yaondoke. Bila hayo mnafunga, na mkifunga nani atatupitishia matangazo ya vifo chini ya skrini? Hayo, kwa taarifa yenu, ndiyo yanayosomwa kuliko kitu chochote mnachorusha. Nimeona watu wakiacha fainali wasome nani amefariki Pongwe na mazishi ni saa ngapi. Msije mkaambiwa na mtaalamu fulani kwamba mistari ile inachafua skrini. Mistari ya kubashiri ndiyo inayochafua.

Usiku wa Desemba 31, 2012, analojia ilizimwa Dar es Salaam, na zamu yetu ikafika mapema 2013. Nilikuwa na ngazi mpya na njaa ya kazi. Tuliahidiwa picha safi, na mimi niliwaahidi wateja kwa mdomo wangu, nikawauzia ving'amuzi kwa ahadi hiyo. Chenga zimekwisha, hilo ni kweli na nashukuru. Lakini chenga zilikuwa na uaminifu wake: mtu alijua ni antena, akatoka nje akaizungusha. Picha ya leo haina chenga, ina ukungu tu, na hakuna cha kuzungusha.

Kampuni za minara, nanyi nina neno moja. Tangazeni kila kituo kimekodi megabiti ngapi. Iwe kwenye tovuti, namba tu, pasipo maelezo. Fundi akiulizwa na mteja, afungue simu amwoneshe: hiki kimekodi 1.2, hiki 2.5, TV yako haina ugonjwa. Mtatuondolea matusi mengi. Na vituo vinavyojitutumua kwa HD huku vimekodi siti nusu vitaona haya vyenyewe.

Kijana wa chumba cha zamu, kama unaisoma hii, ile chai ilikuwa nzuri. Nina mikisa ya kidijitali ya mtumba, ya njia nne, niliinunua kwa bwana mmoja aliyeacha biashara ya kupiga video za harusi. Inafanya kazi, nimeijaribu. Mwambie mkurugenzi wako natoa kwa bei niliyonunulia, na Jumamosi yoyote naweza kuja na bisibisi yangu kuifunga. Sharti ni moja: ule waya wa njano niondoke nao.

Fundi wenu,
Ngamiani, Tanga